Masikio ya Baba

Juzi zahanatini nesi alinigusa bega. "Shikamoo babu. Mbona tunakuita mara tatu?" Nikamkumbuka baba.

Mashine za kufuma za kiwanda cha nguo kule Nyakato zilikuwa zimemziba masikio, kisha nguo za nje zikamnyang'anya kazi. Alasiri moja serikali iliita majina ya waliopunguzwa kazini, wapelekwe kujifunza ufundi mwingine. Baba, ambaye bado alinukia pamba na mafuta ya mashine, alinikalisha ubavuni pake kwenye benchi, nje ya ofisi ya serikali.

"Leo wewe ndiye masikio yangu," alisema. "Wakiniita, nivute shati."

Ng'ambo ya barabara walikuwa wakifungua belo la mitumba, na ile harufu yake ya dawa ilinivuta. Nikiwa kule, najaribu kofia nyekundu, nilisikia jina la baba likiitwa mara mbili. Sikukimbia. Nilidhani jina likishaandikwa na serikali halipotei.

Niliporudi, wenzake walikuwa wameshapanda gari na kuondoka. Baba alikuwa amebaki peke yake kwenye benchi, akiitazama midomo ya karani aliyekuwa anafunga daftari.

"Bado hawajaniita?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa kwamba bado, naye akaendelea kusubiri.