Shabaha ya Mdogo Wangu Ilivyopasuka

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwangu Kitaji kwenda Iringo dukani, mitaa ya hapahapa Musoma, huwaga naaga kabisa, kama naenda ng'ambo. Nina kidato cha nne, friza mbili, na wateja wangu ni wauza samaki wanaonunua barafu. Akili za nyumba yetu alizichukua mdogo wangu wa kike. Yuko Ulaya, kwenye maabara ya fizikia.

Mwaka jana alikuja likizo, akaanzia kwangu kabla ya kwenda kwa mama, Butiama. Nilikuwa natoa barafu, yeye kakaa juu ya kreti. Akauliza kwa nini nyingine zina nyufa. Nikamwambia ni haraka tu, barafu haitaki haraka. Akasema, "Kaka, hata yangu ilipasuka."

Kazi yake ni kugandisha haidrojeni, ile gesi, kwa baridi ambayo friza zangu zikiisikia zitaacha kazi. Anaiachia polepole juu ya kipande cha metali mpaka ifanye tabaka jembamba, lenye unene sawa kote. Hiyo ndiyo shabaha. Wanairushia chembe ndogo ndogo, wanapima zinavyogonga viini vya atomu na kutawanyika. Wenzake wa nchi tatu walikuwa wakisubiri zamu yao ya mashine. Yeye akafungulia gesi kwa haraka, shabaha ikapasuka, zamu ikapita.

"Mama asijue. Nimekwambia wewe tu."

Jumapili, kule Butiama, mama aliita majirani waje kula chakula baada ya misa. Baba mdogo akamuuliza mdogo wangu anafanya kazi gani hasa. Akaanza kueleza, na watu wote wakamsikiliza. Hakuna aliyenitazama mimi. Mdomo ukaniwasha.

"Baba mdogo, usijisumbue. Anagandisha barafu kama mimi. Ila yangu nchi tatu haziingojei halafu ikapasuka."

Wakacheka. "Shule yote ile?" baba mdogo akasema. "Si ungebaki tu Musoma na kaka yako." Kicheko kilikuwa kitamu, nikasimulia yote, mpaka alivyofungulia gesi.

Mama hakucheka. "Mwanangu, ni kweli uliharibu kazi ya watu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi hukuniambia."

Akaanza kukusanya sahani ambazo watu hawajamaliza.

Siku ya mdogo wangu kuondoka nilitaka kumsindikiza hadi Bunda kwenye basi, mimi nisiyesindikizaga mgeni hata mlangoni. Akasema, "Pumzika tu, kaka." Alisema vizuri. Afadhali angenitukana.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa mama, simu ikaita. Mama alisikiliza muda mrefu, anatabasamu, akirudia anayoambiwa: shabaha imetoka safi, imekaa kwenye mashine mpaka wamemaliza, wenzake wamempongeza. Kisha akanipa simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kazi inaendaje?"

"Nzuri tu."

"Na ile shabaha?"

"Ipo. Watoto hawajambo?"

Nikasema hawajambo. Nikamrudishia mama simu, wakaendelea pale walipoachia.