Jitoboe Wewe Kwanza

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, baba alianza kukohoa. Alikuwa mkata mkonge, mtu wa kuja, hana ndugu Tanga. Kifua kikammaliza, na sisi tukatolewa kwenye nyumba ya kambi. Mama akakaanga maandazi, mimi nikaacha shule nikaenda Muheza kuokota machungwa. Kusoma najua, polepole. Biashara usinijaribu.

Machungwa ndiyo yaliyonifanya mtu. Mteja akisita, napasua moja, nakula kipande mbele ya macho yake, ndipo nampa chake. Muuzaji asiyeonja mali yake mwogope.

Mwaka jana sukari yangu ilinitoboa kidonda mguuni, nikalazwa mjini. Kikohozi nilikuwa nacho pia, cha muda mrefu. Kila zahanati ilinipa dawa ya maji ikasema ni vumbi la soko. Mimi usiku nilikuwa namsikia baba kifuani mwangu, na sikumwambia mtu.

Akaja daktari kijana, akatuamkia shikamoo kitanda kwa kitanda. Akaeleza kuwa wanafanya utafiti. Sukari hupunguza nguvu za mwili, kwa hiyo wanataka kujua ni wangapi kati yetu wana kifua kikuu bila kujijua. Anataka damu ya kidole ya kupima sukari na kohozi la asubuhi, na asiyetaka halazimishwi.

Wodi nzima ikakataa. Mama mmoja wa Kidigo, jirani yangu wa kitanda, akanong'ona kuwa hao ni mumiani, damu yetu inakwenda kuuzwa. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mdomo ninao.

"Jitoboe wewe kwanza," nikamwambia daktari.

"Mimi, bibi?"

"Wewe. Na kohozi lako utie kwenye kikopo."

"Kohozi sina, bibi."

"Basi damu. Tukuone."

Akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akajichoma. Akakisoma kimashine cha sukari. Akajichoma kidole kingine. Nesi akachungulia, akamuuliza amekunywa chai ya sukari nyingi? Akasema hajatia kitu mdomoni tangu jana.

Yule mama wa Kidigo akainuka kwenye mto. "Hii wodi ya wanawake, mwanangu, lakini karibu. Tutabanana hapo pembeni."

Tulicheka mpaka mwenye mshono akashika tumbo. Daktari naye akacheka, jasho likimtoka. Baada ya hapo vidole vilinyooshwa vyenyewe. Kesho yake asubuhi tulikohoa kwenye vikopo kama watu wanaoshindana.

Majibu yangu aliniletea mwenyewe, amevaa barakoa. Kifua kikuu.

"Kina dawa?"

"Kina dawa, bibi. Miezi sita, na usiruke hata siku moja. Utapona."

Wengine hulia wakiambiwa hivyo. Mimi nilipiga kigelegele wodini, nesi akanikemea, nikapiga tena. Adui aliyemla baba sasa nimelijua jina lake na silaha yake ninayo! Nikampigia binti yangu simu, nikamwambia awalete wajukuu wote wapimwe.

Vidonge nilivimeza vyote. Kipimo cha mwisho kilikuwa safi.

Leo ninavyo hivi: shamba la michungwa Muheza. Nyumba ya matofali Usagara, Tanga mjini. Lori moja, bovu kidogo. Miguu miwili, kidonda kimefunga. Sukari, bado ipo. Kifua kizima.