Neno la Choo cha Ndani

Juzi nilikuwa natafuta chumba mtaa wa Glenwood, maana mimi sikai mahali pamoja, nikajikuta naonyeshwa nyumba ileile ya utotoni. Siku hizi wanapanga wanafunzi. Kijana aliyenitembeza alisukuma mlango wa choo cha ndani kwa mguu. Hauna hata kitasa. Nikabaki nimeushika ule mlango, naye akadhani sijapenda vigae.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kiingereza. Sisi tulikaa chumba cha nyuma: mama, aliyefanya kazi kwenye mtaa wa viwanda wa Jacobs, Bibi, na mimi. Mzee yule alivibandika vitu vya nyumbani kwake majina ya kubembeleza, kama vile ni watoto wa paka. Umeme aliuita leki. Simu, blowa. Televisheni, teli. Choo, luu. Niliyaokota nikifagia veranda yake, nikayatafuna kama pipi. Shule niliiacha mapema, maneno sijayaacha hadi leo. Lakini leki yenyewe ilitufikia kwa waya mmoja, na aliuchomoa alipotaka.

Msimu mmoja wa mvua choo chetu cha uani kiliziba, kikafurika. Mama alipolalamika aliambiwa fundi anakuja. Hakuja. Na Bibi, mguu wake ukimuuma, alikuwa mtu asiyetamka hata neno choo. Alisema anakwenda kujisaidia, tena kwa sauti ya chini. Ndiye aliyenifundisha kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Basi nikachukua neno tamu kuliko yote, nikabisha hodi mlango wa jikoni, Bibi nyuma yangu, khanga kichwani.

"Tafadhali mama, Bibi anaomba luu."

Mzee yule alicheka mpaka akashika mlango. Akamwita mgeni wake aache teli aje asikie, akanitaka niliseme tena, akanipa biskuti. Kisha akasema, "Lakini chenu kiko kule nyuma, kipenzi," akafunga. Tukasikia ufunguo ukizunguka.

Tukarudi chumbani kwetu, maharage yakitokota juu ya jiko.

"Nipe ile ndoo," Bibi akasema, "halafu kasimame nje."

Nilisimama mvuani, biskuti ikilowa mkononi.

Kabla mwezi haujaisha Bibi alidai arudishwe kwao Tanga. Sikumwona tena.

Chumba sikukichukua. Mzee yule hayupo, na majina yake sisikii mtu akiyataja. Watu huniambia hayo ya kale, sahau. Sisahau. Bibi hakunidanganya: maneno matamu yalimtoa nyoka pangoni. Alitoka hadi mlangoni, akayafurahia, akarudi ndani na ufunguo wake.