Maharage ya Tamsin

Tamsin aliogopa chakula kama wengine wanavyoogopa mbwa. Katika nyumba ya kupanga waliyoishi wanafunzi watatu, kwenye mtaa wa mlimani mjini Sheffield, Uingereza, wenzake walizoea kumkuta mbele ya friji akinusa maziwa ambayo muda wake haujaisha. Nyama ya kuku hakuigusa. Wenzake wakipika, yeye alikula mkate mkavu chumbani kwake. Alikuwa amekonda tangu mwaka wa kwanza, na hakuna aliyemwambia, maana kwao kumwambia mtu amekonda ni sawa na kumpekua mifuko.

Basi Jumapili moja alipotangaza kwamba leo atapika yeye, mwenzake Hettie alipiga ukelele.

"Mama lishe wetu! Haya, tunakula nini, hewa?"

"Maharage," akasema Tamsin. "Hayana nyama. Hayana hatari."

Hapo sisi tuliolelewa kwa maharage tunashika kichwa. Alikuwa amenunua mekundu, makavu, na kuyaroweka tangu jana yake. Asubuhi akayamwaga kwenye sufuria ya umeme aliyopewa na mama yake, ile inayopika polepole kutwa bila kutokota. Wanafunzi wa pale wanaiabudu sufuria hiyo: unaweka, unasahau, unakuta tayari. Akatia nyanya, vitunguu na pilipili, nyumba ikanukia. Kwamba maharage mekundu yasiyochemka sawasawa ni sumu, nani angemwambia? Kwao yalitoka kwenye kopo yakiwa yameiva.

Mezani Wilf, mwenzao wa tatu, alipandisha fulana akajidunga sindano yake ya kisukari, kama afanyavyo kabla ya kila mlo, akiipima dawa kwa ukubwa wa sahani. Hettie akamimina sharubati. Wakaanza kula. Maharage yalilia chini ya meno, na kila mmoja alisikia lake na la jirani.

"Matamu sana," akasema Hettie, akiisogeza sahani pembeni taratibu. "Nimeshiba ajabu."

"Matamu kweli," akasema Wilf, akajiongezea mengine sahanini.

Tamsin naye alimaliza sahani nzima, mara ya kwanza kula nao meza moja, uso umemchangamka.

Giza halijaingia, tumbo likamkata. Alitapika mpaka akaona nyota. Alipotoka bafuni akijikokota alimkuta Wilf sakafuni jikoni, kando ya ndoo, ametota jasho, midomo imepauka.

"Umetapika?"

"Chote." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Tamsin... sindano iko ndani, chakula kiko nje."

Alielewa papo hapo. Dawa ingeendelea kuteketeza sukari ya mwilini, na tumboni hakukubaki kitu cha kuifidia. Akamnywesha sharubati, ikarudi. Akamnywesha tena, ikarudi. Hofu iliyomjia haikuwa ile yake ya kila siku, ya kunusanusa. Hii ilikuwa hofu ya Wilf kufa, na kufa kwa mkono wake.

Hettie alikuwa ameshapiga simu ya dharura, akaileta huku anashikilia tumbo. Sauti ya mama mmoja ikasikika jikoni. "Gari linakuja, mpenzi wangu. Wamekula nini?"

Tamsin akaitazama sufuria. Akisema, amejishtaki mwenyewe.

"Maharage," akasema mwishowe. "Nimepika mimi. Sikuyachemsha."

"Sawa, mpenzi, umefanya vizuri kusema. Bado anaitika? Una asali, una jamu? Mpake kwenye ufizi, ndani ya mashavu. Kidogo kidogo."

Kulikuwa na jamu moja tu, na muda wake ulikuwa umepita. Tamsin alijua, maana mwenyewe ndiye aliyekuwa ameitenga itupwe. Akachovya vidole mpaka kwenye vifundo, akampaka.

"Wilf, usilale. Nitukane basi! Niite muuaji, niite chochote!"

Akapaka tena, na tena. Wilf akameza. Macho yakazunguka, yakamtafuta, yakampata.

"Hii jamu," akanong'ona, "si ulisema imeharibika?"

Tamsin alilia kwa sauti, na alikuwa bado analia wahudumu wa gari la wagonjwa walipoingia.

Kesho yake akamkuta wodini amekaa kitandani, dripu mkononi, amesalimika. Alisimama mlangoni muda kabla ya kuthubutu kuingia.

"Ulijua ni mabichi?"

"Mabichi? Yalikuwa kokoto, dada."

"Na Hettie?"

"Hettie alijua kabla yangu."

"Sasa wewe ulikuwa unaongeza ya nini, Wilf? Ungekufa! Kwa adabu tu?"

Wilf aliugeuza uso, akaichezea mipira ya dripu.

"Ulikuwa unakula," akasema. "Mwaka mzima sijawahi kukuona unakula. Niliogopa nikisema neno, utaweka kijiko chini."