Shosho Alipotaka Kucha Moja

Madam wangu, ninayemfanyia kazi za nyumbani, ni Mfini. Mama yake alipokuja Dubai kuikimbia baridi ya kwao, nilianza kumwita shosho, kama tunavyowaita nyanya zetu kule bara Kenya. Akaitikia siku hiyohiyo, kana kwamba ameitwa hivyo tangu ujana.

Kiingereza alikijua kidogo sana. Kazi kubwa aliiachia simu: yeye anaiambia kwa Kifini, nayo inanieleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua.

Asubuhi moja, madam akiwa kazini, simu ikaniambia kwamba shosho anahitaji "nail". Nikamtazama mikono. Kucha zake zilikuwa fupi, na ya kidole cha shahada ilikuwa imevunjika.

"One," akasisitiza, akiinua kidole hichohicho.

"No problem, shosho."

Teksi ikatutoa kwetu Al Jaddaf hadi mtaa wa Karama, kwenye saluni anakofanya kazi rafiki yangu. Ni mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa hapahapa Dubai, lakini Kiswahili chake ni kile cha bibi yake, hakijaguswa.

"Karibu, bibi, starehe," akamwambia shosho. Nilipomweleza kwamba ni kucha moja tu, akanikata jicho. "Moja? Watu watanicheka! Haondoki mtu hapa na kucha moja."

Akazipaka zote rangi nyekundu. Shosho alikaa mgongo wima, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Baadaye alimwambia madam alidhani watu wa Dubai ni watanashati kupita kiasi, hata duka la vifaa vya ujenzi huruhusiwi kuingia kabla hujapambwa.

Rangi ilipokauka akasimama, akanionyesha ukuta, akakunja ngumi na kugonga hewani: ko! ko! ko!

"Naula," akasema.

Rafiki yangu akajishika kichwa. "Shoga! Bibi wa watu ataka msumari!"

Tulicheka hadi wateja wakageuka. Shosho alipoelewa, alitushinda sote kwa kicheko. Machozi yalimtiririka, lakini hakuyafuta, asije akaharibu rangi. Kisha akatufundisha: msumari ni *naula*, kucha ni *kynsi*.

"Unaona?" nikamwambia rafiki yangu. "Wafini ni kama sisi, kila kitu na jina lake. Waingereza ndio waliochoka mapema, wakaviita vyote viwili nail."

"Ehe," akajibu, akifunga chupa ya rangi. "Na wewe ukilala usiku kucha, walala na kucha za nani?"

Nikaona ni heri tuende tukatafute msumari.

Tuliupata duka la tatu kutoka pale. Shosho alitaka kutundika sebuleni kitambaa alichofuma mwenyewe. Akapiga nyundo kwa ari, lakini kuta za maghorofa haya ni zege tupu, na msumari ukajikunja kama mkia wa nge. Madam alipoingia akautazama, akazitazama kucha za mama yake, kisha akanigeukia.

"You nailed it," akasema.

"No, madam," nikajitetea. "Aliyepiga nyundo ni shosho!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Waingereza husema hivyo mtu akipatia jambo barabara. Akaniambia Wafini nao, ukilenga sawasawa, husema umepiga kichwa cha msumari. Shosho hakuwa amekipiga hicho kichwa hata mara moja. Mlinzi wa jengo ndiye aliyekuja na drili, na kitambaa kikakaa ukutani.

Nilidhani masomo yamekwisha. Juma lililofuata shosho akaamua kutupikia. Akiwa mbele ya jiko, akaninyooshea kiganja bila kugeuka.

"Kynsi," akasema.

Nikazikagua kucha zake moja moja. Zote nzima. Akatikisa kichwa, akanionyesha kitunguu saumu kwenye kikapu. Kumbe punje ya kitunguu saumu, kwao, nayo ni kucha.

"Shosho," nikamwambia kwa Kiswahili, "na nimewasifu Wafini mbele ya watu!"

Maneno hayakumfikia, lakini alijua anataniwa. Akaniwekea mbele yangu kitunguu saumu kizima, akanipa kisu, nikamenya.