Kibao Chini ya Inkongoro

Muzee Twagirimana wa mutaa wa Murara alikuwa mutu wa kushuku. Umusalimie asubuhi, anajiuliza unataka nini. Lakini mikono yake, weee! Inkongoro, vile vyombo vya muti vya maziwa alivyofundishwa na baba yake huko Masisi, hakuna mwingine muji muzima wa Goma aliyevichonga vyembamba hivyo bila ufa. Miaka arobaini alichonga, na miaka arobaini walimuambia sokoni, "Hii haiko kitu ya Congo, muzee. Peleka kwenu, kule ng'ambo ya mupaka." Maneno hayo yalimuuma sana, yeye muzaliwa wa Masisi kama babu yake, na hakuyazoea hata siku moja.

Ndipo akaja Adalbert, mupambaji wa majumba kutoka Kinshasa. Pale barabarani walimuelekeza tu kwa "muzee wa inkongoro". Akaeleza kwamba serikali imejenga ubalozi mupya Ulaya, na sebuleni, pale mabalozi wa nchi zingine watakapopokelewa, kutakuwa na ukuta wa kazi za mikono za kila provinsi.

"Kwa Kivu ya Kaskazini tunataka inkongoro yako, papa."

"Yangu? Na Masisi munaihesabu Congo tangu lini?"

Adalbert akacheka. Muzee hakucheka. Alimuhoji hata nani alimutuma, mpaka muke wake Léonie akaona haya. "Baba Clarisse, mugeni amekuja na heshima, wewe unamuuliza maswali sawa polisi."

Hata hivyo alichonga. Miezi miwili, kwa furaha ambayo hakumuonyesha mutu. Akaifukiza kwa majani, kama inkongoro ya bibi arusi.

Siku ya kuichukua, Adalbert akatoa fomu. Jina kamili. Kijiji. Jina la baba. Kabila. "Ni ya kuandika kwenye kibao, chini ya chombo," akasema.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Muzee alikuwa ameona majina yakiandikwa hivyo hivyo, polepole, kwa kalamu nzuri, halafu watu wakahama usiku na watoto mugongoni. Mutu akikuuliza babu yako alizaliwa wapi, si kwamba anataka kumutumia salamu.

"Andika Kambere," akasema. "Wa Butembo."

Kambere ni jirani, fundi wa kuchomelea vyuma, hajachonga hata mwiko, lakini jina lake hakuna aliyewahi kuliambia lirudi ng'ambo ya mupaka. Léonie akafungua mudomo. Muzee akamukanyaga muguu.

Miezi minne baadaye picha kutoka kwa Adalbert ikaingia kwenye simu ya Léonie. Ukuta mweupe, bendera kando, na inkongoro katikati kabisa, imemulikwa na taa yake peke yake. Léonie akaikuza picha kwa vidole viwili, akamusomea mumewe kibao: "Chombo cha maziwa cha Masisi, Congo. Kazi ya Kambere."

Masisi, Congo. Adalbert alikuwa amelikumbuka lile swali. Muzee akaketi chini, machozi yakamutoka. Kisha akachukua simu mwenyewe, akamupigia Adalbert.

"Kijana, lile jina ubadilishe. Mimi si Kambere."

"Ah, papa! Kweli?" Adalbert hakukasirika; tena alifurahi kusikia sauti yake. "Inawezekana, kibao kinabadilishwa. Sasa niambie, wewe unaitwa nani?"

Muzee akaitazama simu. Léonie alimungoja, mukono kifuani.

"Unataka kujua ya nini?" akauliza.