Siku Nilipomkimbia Mama Mkwe Nikiwa Juu ya Trekta

Nyie chekeni tu, maana hata nikinyamaza wapo watu wa Kibaoni watakaowasimulia vibaya zaidi, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu mwenye aibu yangu: mimi ndiye niliyemwangusha mama mkwe kwenye tope la mpunga, mbele ya kijiji kizima, siku ya sherehe, tena akiwa amevaa kitenge kipya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na wakati huo mke wangu Veronika alikuwa amerudishwa kwao. Hatukugombana hata kidogo. Baba yake, mzee Kasiani, ndiye aliyechoka na mimi, kwa sababu leo niko mgodini Mpanda, kesho nafuata asali Ugalla, keshokutwa niko njiani narudi sina kazi wala asali (shamba langu siku hizo lilikuwa linalimwa na nguruwe pori). Mzee akasema hakumwoza binti yake kwa upepo, akaja akamchukua, na mimi nikabaki nyumbani nazunguka chungu cha ugali nisijue nianzie wapi. Nilimkosa yule mwanamke mpaka usingizi ukanihama.

Basi wakulima wa kwetu wakakubaliana kununua trekta dogo la kulimia majaruba ya mpunga na kung'olea visiki, na kulikuwa na Mgiriki mmoja mkata mbao aliyekuwa anafunga kazi Mpanda, anauza matrekta mawili. Mwenyekiti wa wakulima alikuwa nani? Huyohuyo mzee Kasiani. Na kijiji kizima mtu aliyewahi kushika usukani wa trekta ni nani? Ni mimi. Akaniita.

"Mkwe," akasema, "nenda ukachague. Ukituletea chombo kizima, ukatulia hapa ukakiendesha msimu wote, mke wako utamchukua. Ukituletea kichekesho, usikanyage tena kwangu."

Akanipa na katekista Alfonsi anisindikize, maana mzee aliniamini nusu.

Tukayakuta matrekta yenyewe kama mapacha, rangi moja ya kijivu, kimo kimoja, hata viti vimechanika upande uleule. Fundi wa Mgiriki hakutuficha kitu: hili la kwanza ni gumu kuwaka, utazungusha hendeli mpaka utoe jasho, lakini breki zake zinashika, hili la pili ukiligusa tu linawaka, ila breki zake ni za kubembeleza.

"Tusiwe na haraka," Alfonsi akasema. "Tulale, kesho tuyapeleke yote kwenye mteremko tuyapime."

Kulala! Mimi ambaye hata misa nilikuwa naisikilizia mlangoni ili nitoke wa kwanza! Nikazungusha lile la kwanza, likakohoa, likanyamaza. Nikazungusha tena, kimya, mkono unaniuma, namwona Veronika kama yuko palepale nyuma ya magogo. Nikaligusa la pili, likanguruma. Nikasema ndilo.

"Na breki?"

"Alfonsi, tunakwenda kulima au tunakwenda kusimama?"

Nikajiona nimesema neno la hekima sana.

Tukaondoka, mimi kwenye kiti, Alfonsi kwenye bati la juu ya tairi kajishika kwa mikono miwili. Kuanzia Sitalike mbung'o wakatupokea, wanauma shingo, wanauma masikio, wanapenya hata kwenye shati, na mimi kila nikiumwa naongeza mwendo (trekta lile mafuta yake hayakanyagwi kwa mguu, kuna chuma unakivuta kwa mkono, ukikiacha hapo mwendo unabaki hapohapo hata ukienda zako). Alfonsi akiomba tupumzike, nasema tutapumzika nyumbani. Tulipofika kwenye kijito cha kunywa maji nilisimama kwa kuligonganisha na kichuguu. Alfonsi akatoa rozari mfukoni.

Siku tuliyofika kwetu Kibaoni habari zilikuwa zimetutangulia. Njia pale inapita juu ya tuta, kulia majaruba, kushoto majaruba, mvua za kwanza zimeshaloweka, na kule mbele naona watu wamejaa, wanawake wanapiga vigelegele, Veronika wangu yumo kati yao anapunga mkono. Jamani, nikavuta mafuta yote! Nilitaka anione ninavyokuja. Na mbele ya wanawake wote, kashika bakuli la unga wa kubarikia, amesimama mama mkwe.

Sasa kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, wewe unaingia porini unageuza uso, naye anajifunika anakupa mgongo, na neno likibidi linapitia kwa mtu mwingine. Kugusana ndiyo usiseme kabisa.

Nikakanyaga breki. Breki zikanibembeleza. Nikakanyaga tena kwa miguu miwili, trekta linakwenda, uso wa mama mkwe unakaribia, na hapo miguu yangu haikuniuliza: niliruka, nikatua pembeni ya tuta, nikajifunika koti kichwani kama mkwe mwenye adabu zake.

Nikiwa humo ndani ya koti ndipo nikakumbuka kwamba trekta halina adabu.

Nikachungulia. Trekta linakwenda lenyewe, Alfonsi yuko juu ya bati anasali Salamu Maria kwa sauti ya juu, watu wanaruka huku na huku. Mama mkwe peke yake hakuruka, kwa sababu na yeye ni mtu wa heshima, alikuwa amekwisha kujifunika kitenge na kunipa mgongo, haoni kitu, na vile vigelegele vilikuwa vimegeuka mayowe lakini yeye alidhani ni furaha.

"Alfonsi!" nikapiga kelele. "Mwambie yule mama apishe!"

(Ndiyo. Hata hapo nilipitishia kwa mtu mwingine.)

Alfonsi hakusikia, alikuwa anaongea na Mungu. Nikakimbia kama sijawahi kukimbia, nikalipita trekta, nikamkumbatia mama mkwe kiunoni, tukaruka naye mpaka kwenye jaruba, puu! Trekta likapita, likayumba, likatumbukiza pua upande wa pili na Alfonsi wake, likazama kwenye tope mpaka likazimika.

Nikasikia sauti ambayo haikuwahi kunisemesha tangu nioe.

"Nitokee mgongoni kwanza."

Nikatoka. Mzee Kasiani alikuwa amesimama juu ya tuta, mikono kiunoni, ananitazama mimi, anatazama trekta lake. Nikajua mke nimemkosa. Machozi yakanitoka, yakachanganyika na tope.

"Kichekesho hiki hapa," mzee akasema. "Ondoka."

Mama mkwe akasimama, anachuruzika, unga umemgandia kwenye nywele, akamgeukia mumewe.

"Mpe mke wake waondoke wote," akasema. "Huyu akiendelea kuja hapa kumtafuta, ataniua."

Veronika alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaja akanishika mkono, hivyohivyo na tope langu. Mbuzi wa kufuta aibu ya kumgusa mkwe nilimtoa, trekta tulilivuta kwa kamba wanaume wote mpaka likatoka, na msimu ule wote nililima nikisimama kwa kugonga vichuguu. Lakini nimeapa, na kiapo changu nimekishika: nikimwona mama mkwe njiani, nazima injini kwanza, heshima baadaye.